Mabaki ya nyuzi yanatoa mzula wa joto na wa rangi, mradi uanze na unene, rangi baadaye

Bint Makorora

Hamjambo wadau. Mimi ni mfumaji, nipo Tanga mjini. Nafuma vitambaa vya makochi, sweta za watoto na vikofia vya wachanga kwa oda. Oda ikiisha hubaki vidonge: cha bluu kidogo, cha rangi ya chungwa, cha kijani kisichotosha hata soksi. Kila nyumba yenye mfumaji ina kapu la namna hiyo. Na Juni hiyo inakuja. Sisi wa pwani tutapata kipupwe na upepo wa kusi, basi, lakini ndugu zetu wa Lushoto, Soni, Magamba na Mtae wataingia kwenye baridi yenyewe mpaka Agosti. Nataka mabaki haya tuyageuze mizula, tena mizula ya kuvaliwa kweli, si ya kupewa mtu akaifungia kabatini.

Ninalotaka kulisema kwa mkazo ni moja. Ukishika mabaki usianze na rangi, anza na unene. Rangi zozote mbili zitakaa pamoja ukizitafutia mpangilio. Lakini uzi mnene na uzi mwembamba ukiufuma kwa sindano zilezile, sehemu nyembamba italegea na sehemu nene itakakamaa, kofia ibane kwenye paji la uso huku juu inapwaya. Mizula mingi ya mabaki inayoachwa bila kuvaliwa ina ugonjwa huo.

Kupima unene hakuhitaji kifaa. Chukua nyuzi mbili, kila mmoja ukunje kitanzi, kimoja kipite ndani ya kingine zishikane katikati. Sokota upande huu uzi wa kwanza, upande ule uzi wa pili. Sasa fumba macho upitishe vidole toka mwanzo hadi mwisho. Ukihisi ngazi pale zinapokutana, hazilingani. Usipohisi kitu, zinaingia kofia moja. Na uzi mwembamba usiutupe: fuma nyuzi mbili kwa pamoja, kisha pima upya. Mara nyingi mbili za sweta la kichanga zinalingana na mmoja wa unene wa kati, na ukichukua njano na kijani kwa pamoja unapata madoadoa ambayo hakuna duka linalouza.

La pili ni asili ya uzi. Nyingi tunazonunua madukani ni akriliki, uzi wa plastiki, lakini kapuni huwa kuna sufu na pamba pia, na karatasi ya dukani imeshapotea. Kata kipande kirefu kiasi cha kidole, kishike kwa koleo juu ya sinia ya bati, mbali na watoto na mapazia, ukiguse na kiberiti. Sufu huungua kwa kusuasua, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi. Akriliki huyeyuka, ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Tenga makundi. Sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa hushikana na kusinyaa, akriliki haisinyai. Ukiweka mistari ya zote mbili kwenye kofia moja, siku ikifuliwa na mtu asiyejua itatoka na mikunjo isiyonyooka tena.

Nikipata muda jioni nitaweka hesabu ya vitanzi. Anayefuma naye aongeze.

Kijana wa Kange

Dada, kazi nzuri. Mimi sifumi ila nimesoma mpaka mwisho. Swali langu ni la kawaida tu: hapa mjini, joto hili, mzula nitamuuzia nani? Au ni wa kupeleka milimani pekee?

Nahodha wa Sahare

Kijana, wewe hujalala baharini. Njoo saa tisa usiku wakati kusi linavuma, uone wavuvi wa hapa Sahare na wa Deep Sea wanavaa nini kichwani. Mzula ni nguo ya kazi. Ukilowa na upepo ukakupiga, baridi inaingia mpaka kwenye meno, Tanga au si Tanga.

Ila namuunga mkono dada kuhusu asili ya uzi, kwa sababu sisi tunaijua kwa mwili. Mzula wa pamba ukilowa unakuwa mzito, unaganda kichwani na haukauki mpaka jua litoke. Wa sufu unalowa lakini bado unasitiri. Wa akriliki unakauka haraka. Kama kuna mtu anafuma kwa ajili ya wavuvi, pamba aiache kabisa. Na rangi kali tafadhali, chungwa au njano. Mtu akianguka majini kichwa ndicho kinachoonekana.

Bint Makorora

Nahodha, hilo la rangi kali sikuwa nimelifikiria na nimeliandika. Kapu langu lina chungwa nyingi, watu hawaipendi kwenye vitambaa.

Sufu inaweza kubeba unyevu mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujausikia mkononi, ndiyo maana inasitiri hata ikiwa na maji. Halafu joto la mzula wowote linatokana na hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Ukifuma kwa kukaza sana ukidhani unaongeza joto, hewa unaifukuza.

Haya, hesabu. Kwanza fuma kipande cha majaribio, angalau sm 12 kwa 12, halafu hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sm 10 katikati. Usipime pembeni, pembeni panadanganya. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 5 mimi hupata vitanzi 18. Vyako vinaweza kuwa 16 au 20, mkono wa mtu na mtu. Kichwa cha mtu mzima ni sm 54 hadi 58. Kofia iwe pungufu ya kichwa kwa sm 3 hadi 5 ili ishike. Kwa kichwa cha 57 nataka kofia ya 53. Mara 18, gawa kwa 10, unapata 95 na kidogo. Naanzisha 96, kwa sababu 96 inagawanyika kwa 4 na kwa 8, na zote mbili tutazihitaji.

Pindo la kuvutika: vitanzi 2 kawaida, 2 kinyume, kuzunguka, sm 5. Ukitaka la kukunja masikioni fanya sm 10. Baada ya hapo fuma kawaida tu, mzunguko baada ya mzunguko, huku ukibadilisha rangi, mpaka sm 15 kutoka chini (20 kama pindo ni la kukunja). Hapo anza kupunguza: fuma 10, unganisha 2 kuwa 1, rudia mara 8. Umebaki na 88. Mzunguko unaofuata usipunguze. Kisha fuma 9, unganisha 2. Endelea hivyo, mmoja wa kupunguza na mmoja mtupu, mpaka ubaki na 48. Toka hapo punguza kila mzunguko mpaka vibaki 8. Kata uzi, upitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote 8, vuta, funga kwa ndani.

Kwa mabaki kuna swali lingine ambalo vitabu vya mitindo haviligusi: kipande hiki kitatosha mizunguko mingapi? Mzunguko mmoja unakula uzi mara tatu hadi nne ya upana wake. Kofia ya sm 53 basi inakula karibu mita 2 kila mzunguko. Pima kwa mikono: kwa watu wengi, ncha ya vidole hadi ncha mikono ikinyooshwa ni mita moja na nusu na ushee. Kipande cha mita 10 kitakupa mizunguko mitano, kama sm 2 za rangi. Kofia nzima hula gramu 70 hadi 100, kwa hiyo ukipeleka kapu kwenye mzani wa duka unajua papo hapo una kofia ngapi.

Mtu wa Soni

Nimefurahi kuona mtu wa pwani anatukumbuka. Mimi nipo Soni, wazazi wapo juu ya Lushoto. Mnaotoka Tanga mkifika Mombo bado mnajipepea, mkianza kupanda kona zile mnafunga madirisha ya basi. Lushoto ipo kwenye mita 1,400 hivi, na Magamba ni juu zaidi. Asubuhi ya Julai ukungu unashuka mpaka shambani, unachuma karoti vidole haviitiki.

Ombi langu, kofia za huku zifunike masikio sawasawa. Mizula ya mtumba inayoletwa ni mifupi, inakaa juu ya kichwa kwa urembo. Baba yangu hukunja kitambaa ndani yake ashushe mpaka shingoni.

Bint Makorora

Kaka, kwa mzee fanya pindo la sm 10 likunjwe, hapo masikioni panakuwa na tabaka mbili. Na kama unataka joto zaidi bila kuongeza unene wa uzi, fuma rangi mbili katika mzunguko mmoja: vitanzi 2 vya bluu, 2 vyeupe, unabadilishana. Rangi isiyofumwa inapita nyuma, kwa hiyo kofia nzima inapata tabaka ya pili kwa ndani. Uzi unaopita nyuma usivuke vitanzi 4, ukizidi hapo unanasa vidole na hereni. Na usiuvute, uache ulale, la sivyo kofia haitanyumbuka.

Kroshia Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Naona mmesahau kroshia. Kwa mabaki madogo madogo mimi sioni sindano mbili zinatushinda kwa lipi. Unaanzia utosini, vitanzi 6 kwenye duara, unaongeza 6 kila mzunguko, na hakuna haja ya hesabu ya mwanzo. Duara likifika upana unaotakiwa unaacha kuongeza, linaanza kushuka lenyewe. Upana gani? Chukua mzunguko wa kofia, gawa kwa 3.14. Kofia ya sm 53 inataka duara la sm 17. Uzi ukiisha njiani unaunga mwingine, na unaijaribisha kichwani kwa mwenyewe muda wowote.

Bint Makorora

Bi Kroshia, kwa vipande vya mita mbili tatu umenishinda na nakubali, hapo kroshia ndiyo yenyewe. Ila uzi inakula zaidi kwa eneo lilelile, na kofia inatoka ngumu kidogo, haivutiki kwenye kichwa. Kwa baridi ya Lushoto nataka kitu kinachoshika paji la uso bila kuacha mwanya wa upepo. Njia ya katikati ipo: mwili kroshia, pindo sindano mbili.

Muuguzi Mstaafu

Nimeona mtu kwenye mjadala mwingine ameandika kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli kwa mtu mzima. Kichwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mwili na kinapoteza joto kwa kiasi hichohicho. Mtu anahisi baridi kichwani kwa sababu mara nyingi ndipo peke yake palipo wazi.

Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na hawezi kutetemeka kujipasha moto kama sisi. Njiti ndiye hatari zaidi. Mama anapombeba kifuani ngozi kwa ngozi, mtoto huvalishwa nepi, soksi na kofia. Hata hapa mjini kwenye joto, kofia ile inahitajika. Nawaomba mnaofuma msiwasahau. Uzi uwe laini, msiweke vishungi juu wala vifungo, na msitie kamba ya kufunga kidevuni.

Bint Makorora

Shikamoo mama. Asante kwa hilo, naliongeza kwenye hesabu. Kwa kichanga aliyetimiza miezi, kichwa ni kama sm 35: anzisha vitanzi 56, pindo sm 2, anza kupunguza ukifika sm 9. Gawanya 8 vilevile, yaani fuma 5, unganisha 2. Kwa njiti fuma ndogo zaidi, pindo livutike sana. Mtoto wa miaka mitano: 88, anza kupunguza kwenye sm 13. Njia ni ileile.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ncha za uzi kwa ndani zifichwe vizuri, uzi mrefu ukimzunguka mtoto kidole unaweza kuzuia damu.

Ummu Nuru

Dada mimi kofia za sufu zinanikata nywele za mbele, nimeziacha. Kuna dawa?

Bint Makorora

Bitana ya satini. Kata duara la utosi na ukanda wa pembeni, ushone kitambaa kiwe kikubwa kidogo kuliko kofia, kisha ukishone kwa mkono juu ya pindo, si kwenye pindo lenyewe, maana pindo lazima livutike. Mwenye kuwashwa na sufu atie kitambaa cha fulana kuukuu badala ya satini.

Sasa rangi, maana ndiyo wengi mnaisubiri. Mimi hupanga mzula kama kanga: pindo la rangi moja iliyotulia, na mji ndani yake ndio unaochangamka. Chagua rangi moja uliyo nayo ya kutosha, nyeusi, bluu ya giza au nyeupe, gramu 30 au 40. Hiyo ifanye pindo, ifanye utosi, na ipite mzunguko mmoja au miwili katikati ya kila rangi na rangi. Mabaki yenyewe yasiyopatana yatapatana, kwa sababu hakuna linalogusana na jirani yake. Ukitaka kujua kama rangi zako zitaonekana, zipange mezani uzipige picha kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe. Zilizotoka kijivu sawa zitamezana hata kama kwa macho moja ni nyekundu na nyingine kijani. Zitenganishe.

Mistari ikifumwa kwa kuzunguka huacha ngazi pale rangi inapoanzia. Kuiondoa ni rahisi: unapoanza mzunguko wa pili wa rangi mpya, kitanzi cha kwanza usikifume, kihamishe tu kwenye sindano ya kulia, kisha endelea. Ngazi inapotea karibu yote.

Kuunga nyuzi: acha ncha ya sm 15 kila upande, na ufiche kwa sindano ya kushonea ukifuata njia ya vitanzi, upande mmoja halafu urudi kinyume. Fundo peke yake halitoshi, na kamba hukatikia pabovu.

Kijana wa Kange

Basi nimeshawishika. Sindano sina. Nimeona wamama wengine wanafumia spoku za baiskeli, inafaa?

Bint Makorora

Inafaa kwa uzi mwembamba tu, spoku ni milimita 2. Ukiweka uzi wa kati hapo unafuma ubao. Vijiti vya mishikaki ni kama milimita 3, chagua vilivyonyooka, visugue kwa msasa mpaka visinase uzi, pitishia nta ya mshumaa kisha ufute kwa kitambaa. Mwisho wa nyuma zungushia mpira wa kufungia noti ili vitanzi visitoke. Ni vifupi, kwa hiyo anza na kikofia cha kichanga, ufume bapa na kushona mshono nyuma. Ongeza vitanzi 2 vya kumezwa na mshono. Kipande cha majaribio kwanza, maana kwa milimita 3 hesabu yangu ya 18 haikuhusu.

Mtu wa Soni

Na sweta za mtumba kufumua, mnasemaje? Huku tunazo nyingi zimetoboka viwiko.

Bint Makorora

Hiyo ni hazina, kaka, sufu halisi mara nyingi inapatikana huko. Hata sokoni Mgandini, hapa Tanga, ukipekua mtumba unaikuta. Geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwembamba, liache, ukifumua utapata vipande vifupi vya upana wa sweta. Kama kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa mnyororo, fungua mshono, anzia shingoni kushuka, uzi utakuja mmoja mrefu. Sweta lililosinyaa na kushikana halifumuki. Uzi uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba laini, loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kamua kwa taulo, tundika kivulini na kitu kizito kidogo chini. Mawimbi ya sufu yananyooka. Ya akriliki hayanyooki yote, yaache, hayaonekani sana kwenye kofia. Usijaribu kuyanyoosha kwa pasi, akriliki ikipata moto inalegea na hairudi.

Kuosha mzula uliokamilika ni vivyo hivyo: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, usikamue kwa kunyonga, ukaushe umelazwa.

Mtu wa Soni

Nimeelewa. Hapa nyumbani kuna tatu zenye mshono wa mnyororo, moja ya kijani kibichi na mbili za kahawia. Mama atafumua, ila hana anayejua kupunguza utosi. Nikizituma kwa basi la asubuhi mpaka stendi ya Kange, utaweza kufuma mbili za wazee? Kichwa cha baba ni sm 58, mama 55.

Bint Makorora

Tuma. Ya baba nitaanzisha 96 na pindo la kukunja, ya mama 88, ndiyo namba ya karibu inayogawanyika kwa 8, itashika zaidi kidogo. Zote zina sufu? Zichome kipande kwanza, unijibu hapa kabla hujatuma, ili kijani nijue niichanganye na chungwa gani kati ya nilizo nazo.